Masahihisho ya RTK kwa skana ya mkononi Mji Mkongwe: besi yetu, stesheni za kudumu, setelaiti au PPK?

mpimaji_unguja

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa waliokwisha kushika kazi ya namna hii.

Tunakwenda kuskani vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, kuanzia Malindi hadi Shangani. Zinatakiwa picha za vipimo za kuta za mbele za nyumba kwa ajili ya ukarabati. Skana ni ya SLAM, yaani inajichorea ramani na kujua ilipo kadiri unavyotembea, na juu yake inapachikwa antena ya RTK, ya kupata mahali kwa setelaiti na kusahihishwa papo hapo. Masahihisho inayapokea kwa NTRIP tu, yaani kwa intaneti, kupitia programu ya simu, redio haina. Mteja anataka wingu la nukta, yaani nukta zote zilizopimwa na skana, likae kwenye kuratibu za ramani za UTM 37 Kusini, lisiachane na alama zetu za ardhini kwa zaidi ya sentimita 5.

Naona njia nne. Tusimamishe besi yetu, yaani kipokezi kinachokaa mahali pamoja panapojulikana, na kurusha masahihisho kwa intaneti. Tulipie stesheni za kudumu za watu wengine. Tutegemee masahihisho yanayoshuka moja kwa moja kutoka kwenye setelaiti. Au tuachane na RTK, turekodi data ghafi na kuichakata ofisini, yaani PPK. Besi tunayo, inayopokea masafa mengi ya mawimbi ya setelaiti. Ninyi mngechagua ipi? Natanguliza shukrani.

KigingiMoro

Besi yako mwenyewe, mkuu. Mji Mkongwe wote unazungukika kwa miguu. Ukiiweka juu ya paa bapa lenye anga wazi, hutakuwa mbali nayo hata kilomita mbili. Vipokezi vingi vya upimaji huandikiwa usahihi wa milimita 8, ukiongeza milimita 1 kwa kila kilomita ya umbali, na kwa umbali huo nyongeza ni kama haipo.

Ipe besi laini yake yenye bando, itume data kwenye kasta, yaani seva inayogawa masahihisho. Unaweza kutumia rtk2go, ambayo ni ya bure, au kasta inayotolewa na mtengenezaji wa kipokezi chako. Usihangaike kutafuta anwani ya IP ya kudumu, maana besi ndiyo inayoifuata kasta. Kwenye simu ya skana unajaza anwani ya kasta, poti 2101, jina la mauntipointi (mkondo wa data wa besi yako), jina la mtumiaji na nywila. rtk2go wanataka jina la mtumiaji liwe barua pepe halisi, na simu yako ikiendelea kubisha kwa taarifa zisizo sahihi wanaifungia IP. Kagua herufi kubwa na ndogo kabla ya kuunganisha.

Jumbe za RTCM, muundo unaobeba masahihisho: 1005 au 1006 zinabeba kuratibu za besi, kila sekunde 10 inatosha. Kisha 1074, 1084, 1094 na 1124, yaani GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, kila sekunde 1. Ongeza 1033 na 1230, hasa kama besi na skana ni za watengenezaji tofauti, la sivyo GLONASS itakusumbua. Jumbe za kundi la 1077 zina maelezo zaidi lakini ni nzito, na RTK haizihitaji. Bando haliishi ovyo, ni megabaiti chache kwa saa.

jiodesia254

Salamu kutoka Nairobi. Stesheni za kudumu zina raha yake: huachi kifaa cha bei juu ya paa la mtu na mlinzi pembeni. Unawasha, unapata fiksi (jibu lililotulia la usahihi wa sentimita), unaendelea na kazi. Lakini kabla ya kulipa, muulize mwenye huduma stesheni iliyo karibu nawe iko kilomita ngapi. Muulize pia kama mtandao wake unakutengenezea stesheni ya kufikirika hapo ulipo, ile VRS, au unakupa data ya stesheni moja tu. Kama ni VRS, washa kutuma GGA, ujumbe wa mahali ulipo, kwenye programu ya simu. Bila GGA kasta haijui uko wapi, na hutapata kitu.

Nasisitiza umbali kwa sababu tuko ukanda wa ikweta. Ayonosfia yetu, tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi ya setelaiti, ni nzito na inabadilika haraka, hasa kuanzia alasiri na saa za mwanzo baada ya jua kutua. Jioni za Machi, Aprili, Septemba na Oktoba ndizo mbaya zaidi. Tena NASA na NOAA walitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25, na athari za kilele haziondoki kwa mwaka mmoja. Umbali ambao mtu wa Ulaya anapata fiksi bila shida, wewe hapa unaweza kubaki kwenye floti, yaani jibu ambalo bado halijatulia. Kama stesheni yao iko ng'ambo, Dar es Salaam, na hawana nyingine Unguja, mimi ningeiacha. Na njia yoyote utakayochagua, skani asubuhi.

Bi_Kuratibu

Ndugu zangu, mmeeleza vizuri namna ya kuyarusha masahihisho. Sasa besi yenyewe inarusha kuratibu zipi? RTK inaipa skana umbali kutoka kwenye besi, basi. Besi ikiwa imekosewa mita moja, wingu zima limehama mita moja, na skrini bado itaonyesha fiksi ya milimita 10.

Kile kitufe cha kuchukua wastani wa mahali kwa dakika chache kisiguswe kwa kazi hii. Piga msumari kwenye zege, simamisha besi juu yake, rekodi data ghafi kwa saa nne au zaidi, ukiweza siku nzima. Igeuze iwe RINEX, muundo wa faili unaosomwa na programu za watengenezaji wote, uipeleke kwenye huduma za kukokotoa mtandaoni, AUSPOS ya Australia na CSRS-PPP ya Kanada. Zote ni bure. AUSPOS inakokotoa kwa kutumia stesheni za IGS, mtandao wa dunia wa vipokezi vya kudumu, na kanda yetu inazo, kama MAL2 ya Malindi, Kenya, na MBAR ya Mbarara, Uganda. Majibu ya huduma mbili yakikubaliana ndani ya sentimita moja au mbili, utalala usingizi.

Hapa sasa naomba mnisome taratibu. Majibu hayo yanakuja kwenye ITRF, mfumo wa kuratibu wa dunia nzima, kwa tarehe uliyopima. Bamba la Somalia, ambalo Unguja imekaa juu yake, linasogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita 2 hadi 3 kila mwaka. Kuratibu za TAREF11, mfumo wa Tanzania, hazisogei nalo, zimebaki pale zilipopimwa. Kwa hiyo mpaka leo zimeachana na ITRF ya sasa kwa zaidi ya sentimita 30, na wewe umepewa sentimita 5. Kama ramani za mteja ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, tofauti inafika kama mita 300. Hiyo angalau itaonekana kwa macho. Ile ya sentimita 30 haionekani mpaka mtu mwingine apime. Maneno "UTM 37 Kusini" hayatoshi. Mwandikie mteja, akujibu kwa maandishi ni juu ya datamu ipi, yaani mfumo upi kati ya hiyo.

Urefu nao vivyo hivyo. Pwani yetu jeoidi (takriban usawa wa bahari) iko chini ya elipsoidi (umbo la dunia linalotumiwa na kipokezi) kwa zaidi ya mita 20, ndiyo maana ukisimama Forodhani kipokezi kinasoma urefu hasi. Kubalianeni mapema kama mnatumia modeli ya jeoidi ya EGM2008 au alama ya urefu iliyopo.

mpimaji_unguja

Dada, ahsante sana. Barua pepe ya datamu imeshaondoka, maana kwenye mkataba imeandikwa UTM tu.

Nina swali kuhusu njia ya setelaiti. Galileo HAS, masahihisho ya setelaiti za Ulaya, ni ya bure na haihitaji besi wala laini. Haiwezi kututosha?

jiodesia254

Kwa sentimita 5, hapana. HAS ilizinduliwa Januari 2023, na lengo lake ni chini ya sentimita 20 kwa mlalo na 40 kwa wima. Isitoshe, kipokezi lazima kiwe kinasoma mawimbi ya E6, yanayobeba HAS, na vingi vya skana havisomi. Huduma za kulipia za aina hiyo hufika sentimita chache, lakini zinahitaji muda wa kutulia. Kila ukipita chini ya balkoni na kupoteza setelaiti, unaanza kutulia upya. Baharini na kwenye mashamba makubwa ni huduma nzuri mno.

fundi_redio

Nyongeza kidogo kwa upande wa mawasiliano. Skana kukosa redio hakukulazimishi kutegemea mtandao wa simu. Weka laptopu karibu na besi, washa programu ya RTKLIB; kile kifaa chake cha str2str, kwenye matoleo mapya, kinaweza kuwa kasta chenyewe. Ruta ya Wi-Fi yenye antena ya nje, juu ya paa lile lile, itafunika uwanja wa wazi mbele yako. Simu ya skana inaunganishwa na Wi-Fi hiyo, na anwani ya kasta inakuwa ya laptopu. Ndani ya vichochoro Wi-Fi itakatika, mawe yale hayapitishi. Lakini wanaofanya kazi visiwa vidogo na maporini, hii inawavusha. Redio ya UHF ya nguvu kubwa inataka kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mlijue hilo kabla ya kununua.

skani_pwani

Hizi skana nimezitumia kwenye miji ya kale ya pwani. Ndani ya kichochoro chenyewe RTK haitakusaidia, hata besi iwe mlango wa pili.

Kuta za mawe ya matumbawe ghorofa mbili tatu kila upande, balkoni za mbao, mabati juu. Anga inayobaki ni ukanda mwembamba juu ya kichwa, na setelaiti unazoziona karibu zote zimesimama utosini. Jiometria ni mbovu, na mawimbi mengine yanakufikia baada ya kugonga bati la jirani. Kukosa fiksi si hatari, SLAM itaendelea kwa leza na vihisi vyake. Hatari ni fiksi ya uongo: kipokezi kinasema kimepata, kumbe kimekosea nusu mita, na programu inauvuta ukuta mzima upande huo. Utaona ukuta mmoja umekuwa miwili.

Kwa hiyo panga njia kwa mizunguko. Kila mzunguko uanzie na kuishia penye anga wazi: Forodhani, Kelele, Darajani, ufukwe wa Shangani. Pale simama, acha fiksi itulie, tembea hatua kadhaa huku na huku ili programu ipate mwelekeo na si nukta moja tu, ndipo uingie ndani. Utoke kwenye uwazi mwingine baada ya dakika chache. Ukikaa ndani muda mrefu SLAM inaanza kupinda. Kwenye uchakataji, iambie programu itumie fiksi za maeneo ya wazi tu na itupe floti zote. Katikati ya vichochoro bandika shabaha za mraba mweusi na mweupe, zipimwe kwa totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali) kutoka kwenye alama zako. Hizo shabaha ndizo zitakazokupa sentimita 5.

Kati ya RTK na PPK, mimi ni wa PPK. Inachakata njia kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo ile sehemu uliyotoka kichochoroni RTK ikiwa bado inatafuta fiksi, PPK inaipata kwa kurudi kinyumenyume. Na mtandao wa simu ukikatika, hupotezi chochote.

KigingiMoro

Nakubali habari ya vichochoro, mkuu, ila PPK peke yake siikubali. PPK inakuambia ukiwa ofisini kwamba data haikufaa. RTK inakuambia ukiwa bado mtaani na unaweza kurudia. Mtu amevuka na boti, kalipia chumba, kaomba ruhusa kwa wenye nyumba. Anatakiwa ajue pale pale.

skani_pwani

Hapo umesema kweli. Besi irushe na irekodi kwa wakati mmoja, kila sekunde 1, na skana nayo irekodi data ghafi. RTK iwe ya kukuonyesha mtaani, na kuratibu za mwisho zitoke kwenye PPK.

mpimaji_unguja

Nimeelewa. Tunakwenda na besi yetu juu ya paa karibu na Forodhani, NTRIP kwa laini, data ghafi pande zote mbili, na shabaha ndani. Msumari tutaupiga mapema ili majibu ya AUSPOS yawepo kabla ya kuskani siku ya kwanza. Stesheni za kudumu tumeziacha.

Bi_Kuratibu

Vizuri. Pigeni na msumari wa pili, uwanjani, mbali kidogo na besi, nao mpate kuratibu zake kwa kurekodi peke yake. Kila asubuhi kabla ya kuanza, wekeni antena ya skana juu yake na mlinganishe. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3, msiskani. Kagueni kwanza urefu wa antena ya besi. Pimeni urefu huo pande tatu, piga na picha ya tepu, na muandike kama mmepima hadi chini ya antena au hadi kwenye alama ya pembeni. AUSPOS inataka urefu wa wima hadi kitako cha antena, na aina ya antena iandikwe kwa jina lake kamili la IGS.

mpimaji_unguja

Mteja amejibu: TAREF11. Dada, nakutumia faili ya RINEX ya jaribio ukiipata nafasi uitazame.