Wapima udongo, mnatuuzia makaratasi!

Wakuu, huu upuuzi umezidi. Mtu anakuja shambani na kijifimbo chenye skrini, anakichoma mahali pamoja, anasoma "N, P, K" (naitrojeni, fosforasi, potasiamu), anachukua hela na kukuachia karatasi. Vile vifimbo vya bei chee havioni fosforasi hata chembe. Vingi vinapima jinsi udongo unavyopitisha umeme, kisha vinakisia. Mwagia maji palepale, choma tena, namba zinapanda. Maji yameleta potasiamu kutoka wapi?

Wanaopeleka maabara ndio wanaudhi zaidi, maana wao wanajua. Ekari tano haziwakilishwi na konzi moja iliyochotwa pale gari lilipoegeshwa! Unatembea zigizaga, unachota sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, unakwepa vichuguu, palipochomwa moto na palipokuwa na rundo la samadi. Bondeni na mlimani ni sampuli mbili. Unachanganya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati inaongeza zinki, halafu ripoti inasema zinki imejaa), unabakiza nusu kilo, unaanika kivulini. Na jamani, msifungie kwenye mfuko uliokuwa na urea.

Sasa ripoti yenyewe: pH (kipimo cha uchachu wa udongo; namba ikishuka, uchachu umepanda) 4.8, ushauri "DAP mfuko mmoja, urea miwili kwa ekari" (DAP ni mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, urea ni ya naitrojeni tu). Jirani mwenye pH 6.5 kaandikiwa hivyohivyo! Hapo ni kilo 55 za naitrojeni, 23 za P2O5 (ndivyo fosforasi ya mbolea inavyoandikwa), na potasiamu sifuri, shamba liwe linaihitaji au la. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi ya hiyo DAP inanaswa na alumini na chuma kabla mahindi hayajaifaidi. Chokaa ya kilimo, ya kupunguza huo uchachu, mbona haipo? Anayeitaja naye anaandika "tani moja" kwa kila mtu, wakati kichanga na mfinyanzi vyenye pH ileile havidai chokaa sawa. Wala hasemi ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Anasema "mwaga".

Kabla hujatoa hela, uliza: fosforasi mnapima kwa Bray au Olsen (njia mbili za maabara)? Alumini mnapima au mnaishia kwenye pH? Ushauri wenu ni wa kuvuna magunia mangapi kwa ekari?

Mwenye maabara inayojibu hayo matatu bila kununa aitaje hapa, na bei yake, na majibu yanachukua siku ngapi.