Hita ya maji inaangusha RCCB baada ya dakika kumi (maji ya kisima, Bagamoyo)

Mama_Nianjema

Waungwana, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaozijua hita.

Nyumba ipo Bagamoyo, ina vyumba vya wageni. Hita ni ya tenki, ya ukutani, imesimama wima, lita 50, wati 1500. Maji ni ya kisima na chumvi yake unaionja kabisa. Yanapandishwa kwenye simtanki juu ya mnara wa mita 4, kisha yanashuka hadi kwenye hita. Maji ya bomba ya Ruvu yapo barabarani lakini hayajavutwa upande huo wa nyumba.

Ukiwasha, taa inawaka, maji yanaanza kupata uvuguvugu, halafu ndani ya dakika kumi hivi RCCB (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) inaanguka na nyumba nzima inazimika. Kinachonichanganya ni kwamba hata nikizima breka ya hita kwenye boksi, RCCB saa nyingine inashika, saa nyingine inaanguka tena jokofu likianza kunguruma. Tenkini kunasikika mlio kama bisi zinapasuka. Maji ya moto yananuka yai viza, ya baridi hayanuki. Na ile valvu ndogo ya chini yenye kimkono inadondosha maji.

Fundi mmoja kasema aiondoe hita kwenye RCCB aiunge moja kwa moja ili wageni waoge. Mwingine kasema ninunue hita nyingine. Kipupwe kimeshaingia, wageni wanadai maji ya moto. Nishike lipi?

---

Fundi_Ngamiani

Mama, RCCB usiirukishe. Nyumba zetu nyingi za pwani zinategemea fimbo ya ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyochomekwa mchangani. Tuseme fimbo yako ina upinzani wa omu 50. Laini (waya unaoleta umeme) ikigusa mwili wa tenki, umeme utakaozama ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani amperi 4.6. Breka ya amperi 16 haitashtuka kabisa, na tenki litakaa na umeme huku mtu anaoga. RCCB ya miliamperi 30 ndiyo pekee inayomkinga mgeni wako hapo. Fundi aliyetaka kuiondoa asikuguse tena waya.

Sasa hilo la jokofu. Breka ya kawaida inakata laini tu, nyutro (waya wa kurudishia umeme) inabaki imeungwa. Elementi (kipashio kilicho ndani ya maji) ikivuja karibu na ncha ya nyutro, nyutro na ethi zinakutana ndani ya tenki. Jokofu likiwaka, umeme wake unaorudi kwenye nyutro unachepuka kidogo kupitia hita kwenda ardhini. RCCB inaona kilichotoka hakilingani na kilichorudi, inakata. Jokofu linasingiziwa tu. Ndiyo maana hita inatakiwa iwe na swichi yake ya amperi 20 inayokata nyaya zote mbili, nje ya bafu. Kama yako ina swichi ya kukata waya mmoja, hiyo nayo ni ya kubadilisha.

Kabla hujanunua chochote, mwite fundi mwenye multimita, na akiwa na mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 ni bora zaidi. Zimeni swichi kubwa ya nyumba, mhakikishe kwa testa kwamba hakuna umeme, mfungue kifuniko cha chini cha hita, na mchomoe waya zote mbili kwenye elementi. Kisha mpime:

1. Ncha moja ya elementi hadi ya pili. Kwa wati 1500 tarajia kama omu 35 (230 mara 230, gawanya kwa 1500). Mita isiposoma kitu, elementi imekatika.
2. Kila ncha hadi kwenye mwili wa tenki. Multimita isisome kitu. Mega isome zaidi ya megaomu 1. Ikiwa chini ya hapo, elementi inavuja.
3. Tazameni themostati (kidhibiti joto) kama ina alama ya kuungua kwenye ncha zake, na kama kile kitufe cha usalama kimeruka. Kikiruka mara kwa mara, themostati imeng'ang'ania au maji yamechemka kupita kiasi. Msikibonyeze tu mkaondoka.

Lete namba hapa.

---

Kijana_wa_Dunda

Mimi naona mnazunguka. RCCB nyingi za madukani ni mbovu, abadilishe hiyo kwanza. Au atupe tenki afunge shawa ya umeme ya papo kwa papo, hailali na maji na hailambi LUKU.

---

Fundi_Ngamiani

@Kijana_wa_Dunda kuijua RCCB mbovu hakuhitaji kununua nyingine. Chomoa waya zote mbili za hita, washa vitu vingine vyote. RCCB ikishika kutwa nzima na kitufe chake cha majaribio (T) kikiiangusha inavyotakiwa, yenyewe ni nzima.

Shawa ya papo kwa papo kwenye maji ya chumvi ni balaa. Nyingi zina waya wa elementi ulio wazi, unagusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, kwa hiyo kinachovuja kupitia maji kinaongezeka. Zipo zenye elementi iliyofunikwa, zinauzwa mahususi kwa maji ya chumvi, lakini bado ya wati 5500 inavuta amperi 24. Hiyo inataka waya wake wa milimita 6 kutoka kwenye boksi na breka ya 32. Ukiiunga kwenye waya wa 2.5 uliokuwa wa hita, plastiki ya waya itaanza kunuka.

Hilo la LUKU nalo tulipige hesabu. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 26 hadi 60 ni kama uniti 2, uwe umetumia tenki au shawa. Hita ya wati 1500 inachukua saa moja na dakika ishirini. Tenki linapoteza kidogo likikaa bila kutumika, ndiyo, lakini dawa yake ni kuliwasha kabla ya muda wa kuoga na kulizima.

---

Mama_Nianjema

Ahsanteni. Vipimo hivi hapa. Ncha kwa ncha: omu 36. Ncha ya laini hadi mwili wa tenki: kilo-omu 180 kwa multimita. Ncha ya nyutro hadi mwili: karibu hivyohivyo. Mega haikupatikana. Themostati ni safi, kitufe hakijaruka.

Ila fundi anauliza: kwa kilo-omu 180 kinachovuja hakifiki hata miliamperi 2. Kwa nini RCCB ianguke?

---

Fundi_Ngamiani

Swali zuri, mpe hongera. Hiyo namba ni ya elementi baridi, tena kwa betri ya multimita. Ndani ya elementi, waya wa moto umezungukwa na unga wa magnesiamu oksaidi, na unga huo unapenda unyevu sana. Ganda la nje likitoboka, hata tundu la sindano, maji ya chumvi yanaingia. Elementi ikipata moto upinzani unaporomoka, ufa nao unapanuka. Ukishuka hadi kilo-omu 7 hivi, tayari ni miliamperi 30. Na RCCB ya 30 inaruhusiwa kuanguka popote kuanzia 15. Jumlisha kidogo kidogo kinachovuja kwenye jokofu na chaja, hapo ndipo dakika zako kumi zinapotoka. Ingeanguka papo hapo ukiwasha, ningesema laini imegusa mwili.

Kuna kesi moja inayofanana na hii ambayo elementi si mbovu: hita iliyokaa miezi bila kuwashwa pwani hapa inafyonza unyevu wa hewa kupitia ncha zake. Hiyo ukiitoa na kuikausha kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa kadhaa, mega inapanda tena. Yako ilikuwa kazini kila siku, kwa hiyo usihangaike na oveni. Badilisha elementi.

Kwenye maji yako usichukue ya shaba. Tafuta yenye ganda la Incoloy (aloi ya nikeli), inastahimili chumvi zaidi. Nenda na ile ya zamani mkononi: flanji (sahani inayoshikilia elementi tenkini) ile ile, idadi ya matundu ile ile, urefu usiozidi, wati 1500. Ukipachika ya 3000 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, inavuta amperi 13, na themostati na swichi yako huenda hazikupangiwa hizo.

Upande wa tenki lenyewe namwachia Bomba_la_Pwani.

---

Bomba_la_Pwani

Mama, elementi mpya peke yake itakufa kama ya kwanza. Kwenye flanji hiyohiyo kuna anodi, kijiti cha magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma cha tenki. Kwa maji matamu watu wanaikagua mara moja kwa mwaka. Kwa kisima cha chumvi kagua kila miezi sita. Unene ukipungua chini ya nusu, au ukiona waya wa chuma wa katikati, weka nyingine. Dau langu ni kwamba utakuta waya mtupu.

Mlio ule ni chokaa. Maji yenu ya visima yana kalisiamu pamoja na chumvi, na yakipata moto chokaa inaganda juu ya elementi. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko yanachemka, viputo vinapasuka. Elementi iliyovaa ukoko inajipika yenyewe ndani kwa ndani, na hapo ndipo ganda linapochanika. Chokaa inaganda haraka zaidi juu ya nyuzi 60, kwa hiyo themostati iwe 55 hadi 60, si mwisho wa kizungusho. Wala msishushe hadi 40 kwa kubana matumizi. Uvuguvugu wa namna hiyo ndio bakteria wanaoutaka.

Kufungua: zima umeme na mhakikishe kwa testa. Funga valvu ya maji ya baridi. Fungua bomba la moto la bafuni ili hewa iingie, kisha inua kimkono cha ile valvu maji yatoke. Mpira wa bustani unasaidia. Subiri tenki liishe kabisa. Wengi hufungua flanji mapema na lita kumi zinawamwagikia usoni, za moto juu yake. Nati za flanji mara nyingi ni spana namba 10. Chini ya elementi utakuta matope meupe na vipande vya ukoko. Toa kwa mkono na kikombe, suuza kwa mpira. Usikwangue kwa bisibisi wala patasi, kwa sababu ndani kuna enameli, na ikibanduka kidogo tu kutu inapata mlango. (Kwa msomaji ambaye elementi yake imepima vizuri: usiitupe. Iloweke kwenye siki nyeupe, au gramu 50 za unga wa asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, saa mbili tatu, isugue kwa brashi ya nailoni.)

Ukimulika ndani ukaona kutu kwenye maungio ya bati, au kifuniko cha chini kina michirizi ya rangi ya kahawia, usinunue elementi. Tenki limeshatoboka au linakaribia, na halichomelewi likapona.

Harufu ya yai viza inatoka kwa bakteria wanaokula salfeti ya maji ya kisima, na anodi ya magnesiamu inawarahisishia. Weka klorini kwenye simtanki, vuta hadi kwenye hita, acha usiku kucha, mwaga. Hakikisha siki imesuuzwa yote kabla, maana siki na klorini zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Harufu ikirudi baada ya wiki chache, omba anodi ya alumini yenye zinki badala ya magnesiamu.

Valvu kudondosha: angalia ni wakati gani. Lita 50 zikitoka nyuzi 26 hadi 60 zinatanuka karibu lita 0.7, na valvu hiyo hairuhusu maji kurudi kwenye simtanki. Yakidondoka wakati wa kupasha tu, ndiyo kazi yake. Mpachikie kimpira hadi kwenye tundu la maji machafu na msikizibe kamwe. Yakidondoka hita ikiwa baridi, ni uchafu kwenye kikalio. Mnara wa mita 4 unatoa kama baa 0.4, na valvu ya hita hizi kwa kawaida inafunguka kwenye 8, kwa hiyo shinikizo la maji halihusiki. Inua kimkono mara tatu nne maji yasukume mchanga. Isipokoma, weka nyingine.

---

Mama_Nianjema

Anodi umepatia, umebaki waya tu. Tenki ndani ni zima, ukoko tumetoa nusu ndoo. Elementi na anodi mpya ziko mkononi. Kitu kingine tumekiona: bomba la maji ya moto ni la PVC nyeupe, limejipinda katikati ya ukuta. Tulifuate hilo au tuliache?

---

Bomba_la_Pwani

Litoeni. PVC inalegea ikifika nyuzi 60, siku moja itachomoka kwenye gundi. Wekeni PPR (bomba la plastiki la maji ya moto) ya PN20, milimita 20. Mashine ya kuunganishia iwe nyuzi 260, bomba liingie milimita 14, sekunde 5 kwenye moto, unganisha bila kuzungusha, lishike, uliache dakika mbili lipoe. Ukizidisha sekunde, plastiki inavimba ndani na bomba linabana. Kwenye tenki tumieni soketi ya PPR yenye nyuzi za skrubu za shaba nyeupe na tepu ya nyuzi. Na mkiwa hapohapo, hakikisheni baridi inaingia kwenye pete ya buluu na moto unatoka kwenye nyekundu. Ikigeuzwa, mtu anapata ndoo moja ya maji ya moto kisha baridi, na watu wanalaumu elementi.

Wakati wa kufunga, gasketi iwe mpya, nati zikazwe kwa kupishana kidogo kidogo. Jazeni maji bomba la moto likiwa wazi, hadi yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Subirini nusu saa mkague flanji kwa karatasi ya chooni; ikilowa, kazeni robo mzunguko. Baada ya hapo ndipo mrudishe waya, ethi ikiwa ya kwanza. Elementi ikiwashwa tenki likiwa tupu, inaungua ndani ya dakika chache.

---

Fundi_Ngamiani

Naongeza moja: kabla ya kuunga waya, pimeni elementi mpya ncha hadi ganda, hapohapo dukani ikiwezekana. Iliyokaa rafu ya duka la pwani mwaka mzima inaweza kuwa imeshafyonza unyevu.