Tinti ya madirishani inapunguza joto kweli, au tunauziwa giza?

MhasibuShekilango

Wakuu, habari za mchana. Nina ofisi ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, barabara ya Shekilango. Nawaandalia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu na ritani za kodi. Madirisha ya chumba kikubwa yanatazama magharibi. Asubuhi ni raha tupu, ila ikigonga saa tisa jua linaingia mpaka mezani, kompyuta haisomeki, kiyoyozi cha BTU 12,000 kinanguruma tu bila faida, na binti wa mapokezi anahamia koridoni na mafaili yake. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kufunga kitu chochote ukutani kwa nje. Tinti ya kubandika ndani amekubali.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza kaja na nyeusi tii, anasema ukiweka hii hata mchana utawasha taa, kana kwamba hiyo ni sifa. Wa pili kaleta angavu, ukiitazama utadhani hakuna kitu, na bei yake ni mara tatu. Akanionyesha kwa ile taa nyekundu ya joto: anaweka kioo chenye tinti mbele ya taa, unaweka mkono nyuma yake, husikii moto. Nikabaki nakodoa macho. Walioweka nyumbani au ofisini naomba uzoefu. Na je, luku itashuka? Nawasilisha.

Kijana wa Goba

Dada nunua pazia zito umalize kazi. Tinti ni mambo ya magari.

FundiVioo_TMK

Pazia linapambana na jua ambalo limeshaingia ndani. Kitambaa kinapata moto, na moto huo unabaki chumbani na nyie. Linasaidia macho, ila joto linalipunguza kidogo tu. Jua likataliwe kwenye kioo, na ingewezekana likataliwe nje kabla halijagusa kioo, kwa kibaraza au mti. Lakini mwenye nyumba wake ameshasema hapana, kwa hiyo tujibu alichouliza.

Dada, mimi ni wa aluminiamu na vioo, Temeke. Tinti nabandika na hela yake naila, kwa hiyo siiongei kwa chuki.

Weusi si kipimo cha joto. Jua linalopiga dirisha lako, karibu nusu ya nguvu yake ni infraredi, ambayo jicho haliioni. Inayobaki karibu yote ni mwanga wenyewe, na kasehemu kadogo ni urujuanimno, ile inayopausha makochi na mapazia. Tinti nyeusi ya bei ndogo mara nyingi ni plastiki iliyotiwa rangi basi. Inanyonya jua, inapata moto, halafu sehemu ya moto huo inakurudishia ndani. Unakaa gizani na joto unalo. Rangi yenyewe baada ya miaka michache inageuka zambarau, mmeziona kwenye daladala.

Huyo wa pili mzigo wake unaweza kuwa mzuri, ila ile taa isikuchanganye. Taa ile inatoa infraredi karibu tupu, na jua haliko hivyo. Akikwambia inazuia asilimia 90 ya infraredi, hiyo ni 90 ya ile nusu, na wengine wanapima kipande tu cha hiyo nusu, pale ambapo tinti yao inafanya vizuri. Dai karatasi ya kiwandani. Humo tafuta herufi TSER, hiyo ndiyo jumla ya nishati yote ya jua inayokataliwa, na VLT, mwanga unaopita. Tinti angavu ya seramiki (yenye chembechembe za seramiki badala ya metali) inayopitisha mwanga asilimia 70 ikifika TSER 50, imefanya kazi. Ile ya rangi ya fedha inayomulika kwa nje, yenye VLT 20, inaweza kukataa robo tatu ya jua. Nyeusi ya rangi yenye giza hilohilo mara nyingi haivuki hata nusu. Fundi asiye na hiyo karatasi anakuuzia rangi.

Niambie ukubwa wa madirisha, aina ya kioo, na kama kioo chochote kina ufa au kona iliyomeguka.

MhasibuShekilango

Asante sana mzee wangu. Madirisha ni mawili ya kusukuma, kila moja mita 1.8 kwa 1.2. Kioo cheupe cha kawaida, nimeambiwa milimita 5. Umejuaje habari ya kona? Kimoja kimemeguka chini tangu nahamia. Pia msimu wa ritani nakaa mpaka saa mbili usiku, na wa ghorofa ya ng'ambo wananiona vizuri tu. Ya fedha si itanificha?

FundiVioo_TMK

Kona kwanza. Kioo chenye tinti kinapata moto zaidi katikati, wakati kingo zake zimejificha ndani ya fremu na zinabaki za baridi. Katikati inatanuka, kingo zinagoma, na pasuko linaanzia palepale palipomeguka. Kibadilishe hicho kabla ya kubandika. Kioo cha milimita 5 ni rahisi kupata, usikubali fundi akwambie haina shida. Wenye vioo vya waya ndani, vya tabaka mbili, au ambavyo tayari vimetiwa rangi kiwandani, waulize zaidi kabla ya kubandika ndani. Nyeusi inayonyonya ndiyo hatari kuliko zote. Na kwa madirisha ya kusukuma, ukifungua alasiri vioo viwili vinalaliana jua likiwa kali, moto unabanwa katikati yake. Wewe alasiri unawasha kiyoyozi, kwa hiyo yafunge.

Sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Madirisha yako ni kama mita za mraba 4.3. Saa kumi jioni, anga ikiwa safi, jua linapiga ukuta wa magharibi kwa kadiri ya wati 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya hilo. Unaingiziwa zaidi ya wati 2,100 za joto, na kiyoyozi chako uwezo wake wote wa kutoa joto ni kama wati 3,500, hapo bado watu, kompyuta na ukuta. Ndiyo maana kinanguruma. Weka tinti ya TSER 60, zinabaki kama wati 1,000. Hapo kinapumua.

Luku: kiyoyozi hakili umeme sawa na joto kinalotoa, kinakula kama theluthi yake. Kwa hiyo utaokoa uniti moja na kidogo kwa alasiri yenye jua. Kwa mwezi wa kazi ni kama uniti 25, na elfu kumi inakupa 28 hivi. Mtu akikwambia bili itashuka nusu, mwache aende. Unanunua alasiri ya kufanyia kazi.

Usiku ya fedha haikufichi. Inamulika upande wenye mwanga mwingi. Ukiwasha taa na nje kuna giza, wewe ndiye unajitazama kwenye kioo na wao wanakuona. Hapo sasa ndipo nalirudisha pazia la kijana wa Goba.

Kijana wa Goba

😂😂 Nilijua tu.

MamaWili_Mbezi

Mimi niliweka nyumbani, Mbezi. Sebuleni ninashukuru, kochi halipauki tena na runinga inaonekana saa kumi. Chumbani hela imepotea bure. Dirisha lile linatazama kusini na lina kibaraza kirefu, jua lenyewe haliligusi. Joto lilikuwa linatoka juu, kwenye bati. Tulipoweka dari ya maana na matundu ya kupitisha hewa ndipo tukalala. Na jambo lingine jamani, nyumbani kwetu madirisha kutwa yako wazi tupate upepo, jua linapita kwenye wavu wa mbu, tinti imesukumwa pembeni na kioo chake. Mtu asiye na kiyoyozi aangalie hilo kwanza.

Posta_Mpya

Waulize kama ina metali. Ofisini kwetu walibandika ya metali madirisha yote, na simu zikaanza kushika mtandao kwa shida chumba cha ndani. Ya seramiki haina hilo.

MhasibuShekilango

Nimewapata wote. Nitachukua ya seramiki, sitaki binti akose mtandao akanihamia tena koridoni. Mzee, ikishabandikwa kuna masharti?

FundiVioo_TMK

Siku za kwanza utaona ukungu na vijipovu vya maji. Usivitoboe na usinipigie kelele, wala usimpigie huyo fundi. Gundi inakauka taratibu, acha kama mwezi bila kufuta. Baada ya hapo ni maji, sabuni kidogo na kitambaa laini. Dawa za vioo zenye amonia hapana. Gazeti hapana, linakwaruza. Vipovu vyenye uchafu ndani ambavyo haviondoki, hivyo ni kazi mbovu, arudie. Na mwandikishane muda wa dhamana.

MhasibuShekilango

Nimempigia wa pili sasa hivi, nikamwambia nataka karatasi yenye TSER. Kimya kidogo, halafu: "Ipo, dada, ila imebaki dukani."

FundiVioo_TMK

Mwambie utapitia hapohapo dukani. Akikutajia mtaa, lete mrejesho.