Ufadhili wa masomo kwa waliorudi Peace Corps: umfuate mjitoleaji au uifuate jamii?

Mwanzisha mada (Mombasa, sasa Marekani)

Ndugu zangu, naleta hoja hii tuijadili bila kuvunjiana heshima.

Huku Marekani kuna mpango unaoitwa Paul D. Coverdell Fellows, kwa jina la aliyekuwa mkurugenzi wa Peace Corps (shirika la serikali ya Marekani linalopeleka wajitoleaji nchi nyingine) kuanzia 1989 hadi 1991, kisha seneta wa Georgia. Ulianza 1985 katika Teachers College ya Columbia University, New York, kwa wajitoleaji waliorudi kusoma huku wakifundisha shule za umma za jiji hilo. Leo vyuo vilivyo ndani ya mpango ni zaidi ya mia. Mmarekani aliyemaliza utumishi wake Mtwara, Paraguay au popote akirudi, chuo kinampunguzia ada ya shahada ya uzamili, na vingine vinamwongezea posho. Naye kwa upande wake anafanya mafunzo ya kazini katika jamii ya hapa ambayo huduma haziifikii sawasawa: shule ya mtaa maskini, zahanati, kijiji, ofisi ya wakimbizi. Haki hiyo haiishi muda. Aliyetumikia 1990 anaweza kuomba leo.

Msimamo wangu nautoa mapema: mpango huu ni mzuri na usifutwe. Ila umepangwa kumfuata mjitoleaji, na mtaa unapokea yeyote atakayeletwa. Hapo ndipo ninapodai mabadiliko, na nitaeleza nilichokiona.

Mji ninaoishi una familia nyingi za Wakongo. Wengi waliletwa kuanzia 2016, mwaka ambao Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi walioingia Marekani, na sehemu kubwa ya majirani zangu walitoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Shule ya watoto wetu ilipata binti wa mpango huu aliyewahi kufundisha hisabati sekondari mkoani Njombe. Siku moja mama mmoja wa Uvira aliitwa kikaoni kuhusu mwanawe wa darasa la tano. Hana gari, nikampeleka mimi, nikakaa naye mezani. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti inakatika. Walimu walitaka mtoto aingizwe kwenye mpango wa wenye ulemavu wa kujifunza. Mkalimani akasema "elimu maalumu". Uso wa mama ukachanua, akaomba kalamu atie sahihi.

Mimi sikuona tatizo. Kwetu Kenya ukisema elimu maalumu kila mtu anajua ni ya watoto wenye mahitaji ya ziada. Yule binti ndiye aliyeweka kiganja juu ya karatasi. "Shikamoo mama, samahani. Umeelewa maalumu ya namna gani?" Mama akajibu, "Si ile ya vipaji maalumu?" Alikuwa ameishi Tanzania miaka kumi na saba, na kule shule ya vipaji maalumu ni ya watoto waliofaulu kupita wenzao. Alidhani mwanawe amechaguliwa. Kalamu ikarudi mezani, mtoto akapimwa upya kwa Kiswahili, ikaonekana tatizo lake lilikuwa Kiingereza tu.

Mwezi wa tano binti akahitimu akaenda zake. Chuo kikaleta mwingine, kijana mwema kabisa, aliyetumikia Paraguay. Anajua Kihispania na Kiguarani. Watoto wanaomsubiri pale mlangoni wanazungumza Kiswahili. Na kwenye ofisi ya wazazi yupo mama wa Kikongo aliyekuwepo kabla ya wote wawili, analipwa kwa saa, kwa kazi ile ile ya kuokoa vikao. Sijasikia hata siku moja mtu akimuuliza kama angependa kusoma.

Ninachopendekeza: shule au zahanati iseme kwanza inamhitaji mtu wa aina gani, ndipo chuo kichague. Na kila nafasi ya aliyerudi iambatane na nafasi ya masomo kwa mtu mmoja wa mahali hapo hapo. Mnasemaje?

Mwalimu, Iringa

Umegusa kidonda. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea Peace Corps, 1961. Miaka yote hiyo kila mjitoleaji anayekuja anakuta mwenyeji wa kumshika mkono. Mimi nilikuwa huyo mwenyeji. Nilimwonyesha jinsi ya kutuliza darasa la wanafunzi 90, nilimsahihishia Kiswahili, alipopata malaria nilimtafutia usafiri saa nane za usiku. Tulifundisha fizikia ile ile, maabara ile ile isiyo na maji. Leo yeye ana uzamili na mimi nina diploma. Simwonei wivu, bado tunaandikiana. Lakini kama utumishi ule una thamani ya ada ya chuo, basi tulitumikia wawili.

Aliyerudi kutoka Mtwara

Nisameheni Kiswahili changu. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumza. Peace Corps ikikuaga baada ya miezi 27 inakupa takriban dola 10,000 za kuanzia maisha. Ada ya mwaka mmoja wa uzamili katika chuo binafsi inaweza kupita hizo mara tatu. Nilisoma uuguzi Baltimore kwa sababu ya ufadhili huu, mafunzo nikayafanya zahanati ya mtaa ambao wenzangu wengi waliukwepa. Lengo la tatu la Peace Corps ni sisi kuwaletea Wamarekani uelewa wa watu tulioishi nao. Binti wa Njombe alifanya hivyo hasa, kwa kiganja kimoja. Naogopa tukianza kugawa nafasi, tutaharibu kitu kinachofanya kazi. Na fedha za nafasi ya pili zitoke wapi? Ada hailipwi na Peace Corps, ni vyuo vyenyewe vinavyosamehe.

Mwanzisha mada

Mwalimu, pole sana, na nakubali deni lipo. Ila sitaki tulipachike kwenye mpango huu, maana fedha zake zimefungwa kwa jamii za ndani ya Marekani. Deni la Iringa lidaiwe kivyake, na lidaiwe kwa sauti.

Dada wa Mtwara, karibu, na Kiswahili chako hakina kasoro. Umesema neno muhimu kuliko lote: vyuo ndivyo vinavyosamehe. Basi hakuna haja ya kungoja Bunge. Chuo kinachoweza kumsamehe ada mtu aliyekaa miaka miwili Mtwara kinaweza kumsamehe aliyekaa miaka minane ofisi ya wazazi. Sijaomba nafasi yako igawanywe. Naomba ya pili iwekwe kando yake.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi ningeufuta mpango wote. Chuo kinapata wafanyakazi wa bei ya chini, mtaa unabadilishiwa sura kila mwaka, watoto wanazoea mtu anaondoka. Lipeni walimu na wakalimani mshahara kamili, mambo yaishe.

Mwanzisha mada

Mshahara kamili naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini ukifuta leo, yule mama anatia sahihi. Hilo siwezi kulipita.

Baba wa watano, Texas

Mimi ni wa Fizi, Kongo. Binti yangu alianza kututafsiria akiwa na miaka 11: hospitali, benki, barua za kodi, hadi majirani wanagonga mlango saa tatu za usiku. Sasa ana miaka 19. Peace Corps wanataka uraia, na yeye bado ana grini kadi tu, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu. Kwa hiyo hata huo mlango wa kwanza haumwoni. Miaka minane hii inaitwaje?

Aliyerudi kutoka Mtwara

Baba, shikamoo. Wakati tunajadili, kuna AmeriCorps, ya kutumikia humu humu nchini. Mwenye grini kadi anakubaliwa. Akimaliza mwaka mzima wa kazi anapata tuzo ya masomo ya Segal, kiasi kinacholingana na kiwango cha juu kabisa cha Pell, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, anaitumia kulipia chuo. Kuna shule na zahanati zinazochukua watu kwa njia hiyo. Na kuhusu mada, nimefikiri tena. Nafasi ya pili kando ya yangu sina sababu ya kuipinga. Nitawaandikia waratibu wa chuo changu.

Baba wa watano, Texas

Marahaba, mwanangu. Amefungua fomu, tumekaa naye hapa jikoni. Anauliza, pale wanapotaka uzoefu wa kujitolea, aandike nini? Anasema yeye hajawahi kujitolea, alikuwa anasaidia nyumbani tu.

Mwanzisha mada

Aandike mkalimani, miaka minane. Ataje hospitali, benki, barua za kodi, na wale majirani wa saa tatu usiku, kisha akae na mama yake wahesabu saa kwa wiki. Asipunguze hata moja.