Mdogo wangu alipewa dawa ya huzuni, sasa siku ya tano hajalala

MamaMukene, Busia
Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu ana miaka 26, anaendesha boda hapa mpakani. Tangu Februari alizama. Hali chakula, haogi, boda imekaa nyuma ya nyumba mpaka kuku akaatamia mayai chini yake. Nikampeleka kliniki moja, wakamsikiliza dakika kumi, wakampa amitriptilini ya usiku. Wiki ya pili akaanza kucheka, akamaliza sahani mbili za posho. Nilimshukuru Mungu kwa machozi.

Juzi saa tisa usiku nikasikia nyundo uani. Ameifungua boda yote, vyuma amevipanga kwenye mkeka kwa mstari, kikubwa hadi kidogo. Anasema anafungua steji ya pikipiki 40. Shilingi 600,000 za mtaji wangu wa kuuza mukene (dagaa) ameshazitoa rubuni. Anaongea mbio hadi maneno yanagongana.

Ndipo mama akakumbuka: mwaka 2019 alikuwa hivi hivi mwezi mzima, tukadhani mapepo. Kliniki hawakuuliza, nami sikusema. Inaniuma sana. Je, dawa ndiyo imemfanya hivi?

Nesi wa Usiku
Pole dada, na usijilaumu, kuuliza ni kazi yetu. Ndiyo, inawezekana kabisa. Ule mwezi wa 2019 unanifanya nifikirie bipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kuanguka kwenye huzuni, na huzuni ya bipola ukiitazama haina tofauti na huzuni nyingine. Dawa za kundi la amitriptilini ndizo zinazojulikana zaidi kumpandisha mtu wa namna hiyo, hasa akizimeza peke yake. Utafiti wa Sweden wa 2014, wagonjwa 3,240 wa bipola, ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya huzuni peke yake, hatari ya kupanda ilikaribia mara tatu katika miezi mitatu ya kwanza. Waliokuwa pia na dawa ya kushikilia hisia, haikuongezeka.

Mpeleke hospitali yenye kitengo cha akili leo, kabla ya kidonge cha usiku. Beba pakiti. Waambie habari ya 2019 kabla hawajauliza chochote. Na vidonge vilivyobaki vifungie, vingi kwa mpigo vinaua.

Boda wa Zamani
Niko na bipola miaka tisa, natumia lithiamu, dawa ya kushikilia hisia, kila baada ya miezi kadhaa napimwa damu. Mama, usibishane naye kuhusu hizo pikipiki 40. Mimi nilikuwa naziona kabisa! Ficha pesa na simu yenye pesa, zima redio, mkae naye wawili wawili.

Nikianguka huwa naomba daktari aniongezee ya huzuni, ananikatalia. Alinieleza utafiti wa Marekani wa 2007, watu 366, walioongezewa hawakupona zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa.

Nesi wa Usiku
Wapo wanaosaidika nayo, ikiwa chini ya kinga ya lithiamu au valproeti, nayo ya kushikilia hisia. Ila siyo kwa kukisia.

MamaMukene, Busia
Tulienda jana. Daktari ameisimamisha amitriptilini, amempa olanzapini ya kumshusha na valproeti, turudi baada ya wiki. Ameandika 2019 kwenye daftari lake na kuipigia mstari chini. Mwenye pikipiki amekubali kurudisha nusu.

Amelala tangu saa moja jioni. Vyuma bado viko uani kwenye mkeka, nimevifunika turubai kwa sababu mvua inakuja.