Naomba ushauri: je, niandike harakati za Juni 2024 kwenye maombi ya vyuo vya Marekani?

Kijana wa Nakuru
Wanajukwaa, hamjambo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2023, na sasa ninajaza fomu ya Common App ili kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani ambavyo huchagua wachache mno. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipokuwa ukijadiliwa, mimi na wenzangu tulifupisha vifungu vya ushuru, vikiwemo vya mkate na mafuta ya kupikia, kwa Kiswahili chepesi, tukavisambaza kwa WhatsApp na kuwasomea wachuuzi sokoni; tarehe 25 Juni niliandamana pia, kwa amani. Hakuna shughuli iliyonichukulia muda mwingi kama hiyo. Mwalimu anayeniandalia barua ya mapendekezo amenisihi niiondoe, kwa maelezo kwamba hakuna chuo kinachotaka mwanafunzi mkorofi, na baba anahofia viza. Nifuate lipi?

Bi. Mtetezi
Iandike, mwanangu. Mwaka 2018, wanafunzi wa Marekani walipoandamana kupinga bunduki baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, vyuo vingi, MIT kikiwemo, vilitangaza kwamba mwanafunzi atakayeadhibiwa na shule yake kwa kuandamana kwa amani hatapoteza nafasi yake kwa sababu hiyo.

Mlezi wa Waombaji
Bi. Mtetezi yuko sahihi, ila tangazo lile lilihusu adhabu za shule. Halikuahidi kwamba maandamano yatamwongezea mtu alama. Mdogo wangu, jiulize kwanza shughuli yako ina utata machoni pa nani. Anayesoma fomu yako huko Connecticut hana upande katika suala la ushuru wa mkate Kenya. Ungekuwa umefanya kampeni kuhusu utoaji mimba, bunduki au Palestina, ningekuambia ukumbuke kwamba msomaji ni binadamu mwenye msimamo wake, na kwamba huwezi kujua atakuwa nani. Kwako wewe utata uko nyumbani, kwa mwalimu huyo. Barua iliyoandikwa na mtu anayekuona mkorofi itakudhuru kuliko mstari wowote utakaoujaza mwenyewe, kwa hiyo mwombe kwa heshima mwalimu mwingine anayeifahamu kazi yako.

Kuhusu maelezo yenyewe, fomu ina nafasi ya shughuli 10, na kila moja hupewa herufi 150 tu, hata nafasi kati ya maneno ikihesabiwa. Usizimalize kwa kaulimbiu. Taja kazi, kwa mfano: “Nilifupisha Mswada wa Fedha 2024 kwa Kiswahili chepesi, nikawasomea wachuuzi sokoni na kujibu maswali yao kuhusu ushuru.” Maneno hayo, ukiyatia katika Kiingereza, yanaonyesha kusoma sheria, kutafsiri na kuwatumikia watu, na hayamlazimishi msomaji kukubaliana nawe.

Mzee wa Bahari
Hofu ya baba yako isidharauliwe. Maombi ya chuo na maombi ya viza ni mambo mawili yenye wakaguzi tofauti. Tangu 2019 fomu ya viza, DS-160, huuliza majina unayotumia katika mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wametakiwa kuziweka akaunti zao wazi. Machi mwaka huohuo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kutoka Uturuki alikamatwa na kuzuiliwa kwa majuma kadhaa baada ya kushiriki kuandika makala kuhusu Gaza katika gazeti la chuo. Kwa hiyo pitia ulichochapisha, ujue kitakachosomwa, na usithubutu kudai kwamba huna akaunti ilhali unayo.

Kijana wa Nakuru
Nimewaelewa, na ninawashukuru. Je, maandamano yenyewe niyaweke katika insha kuu?

Mlezi wa Waombaji
Insha ina ukomo wa maneno 650, nayo inakuhusu wewe kuliko serikali. Maelfu waliandamana siku hiyo, na wengi miongoni mwao ni waombaji kama wewe. Waliosimama sokoni wakabishana na mchuuzi wa mafuta kuhusu kifungu kimoja cha mswada ni wachache. Andika mabishano hayo: alikuuliza nini, na ni swali gani ulishindwa kulijibu mpaka ukarudi kuusoma mswada upya.