Tapati ya Rapa Nui: mgeni aandamane au akae pembeni?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka), kile kisiwa cha Chile chenye sanamu kubwa za mawe ziitwazo moai, hufanya sherehe yake ya Tapati kila mwaka mwanzoni mwa Februari, wiki mbili hivi. Naona watu wanaulizana nauli na vyumba tu, kana kwamba mwaliko wameshaupata. Msimamo wangu ni kwamba wageni wapunguzwe msimu huo, na siku ya maandamano ya mwisho wakae pembeni watazame.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyowapata. Mwaka 1862 wavamizi kutoka Peru walianza kuwateka wenyeji na kuwapeleka utumwani. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Chile ikakitwaa 1888, kikageuzwa shamba la kondoo, wenye ardhi yao wakabanwa kwenye mji wa Hanga Roa nyuma ya ukuta, na haki za uraia wakazipata 1966. Wajukuu wa hao 111 ndio wanaoimba Tapati. Ukoo mzima husimama nyuma ya mgombea wake wa umalkia wa sherehe, bibi anatunga shanga za kome, vijana wanakimbia, na kila shindano lina pointi zake. Shughuli ya ukoo namna hiyo haina haja ya umati wa watu wenye kamera.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwenye historia niko nawe, kwenye hitimisho hapana. Kisiwa kina kilomita za mraba 163 hivi, sehemu moja ya kumi ya Unguja, na sensa ya 2017 ilikuta watu 7,750. Wanaishi kwa utalii. Walipofunga Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi Agosti 2022, walirudi kwenye mashamba na uvuvi, lakini baadaye walifungua wenyewe. Tena masharti yapo: tangu Agosti 2018 mgeni anapewa siku 30 badala ya 90, aonyeshe tiketi ya kurudi, na awe na chumba kilichosajiliwa au barua ya mwenyeji. Mlango wana funguo zake, sasa sisi huku tunawafungia kwa niaba ya nani?

Mchangiaji wa pili:
Mimi nilifika. Kutoka Santiago ni zaidi ya saa tano angani, chini bahari tupu. Haka pei, shindano la kuteleza mlimani, niliiona nikiwa chini ya kilima cha Maunga Pu'i. Kijana amevaa kitambaa kiunoni tu, analala chali juu ya magogo mawili ya mgomba yaliyofungwa pamoja, anasukumwa. Mteremko ni kama mita 300, na wanasema mwendo hufika kilomita 80 kwa saa. Kabla hujamwona vizuri unasikia nyasi zinachanika. Mmoja alipinduka katikati, gogo likaendelea bila yeye, na umati wote ukanyamaza mpaka alipoinua mkono. Jirani yangu, mgeni mwenzangu, alikuwa ameshavuka kamba kumpiga picha. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Hata hivyo kwenye maandamano niliingia. Mama wa nyumba niliyofikia alinipaka kie'a, udongo wao mwekundu, usoni na mabegani, taratibu, akinigeuza kama mtoto anayevishwa sare. Mleta mada, ningekataa ningemvunja moyo.

Mchangiaji wa tatu:
Ndugu zangu, mie mtu wa Makunduchi, Unguja, hayo magogo ya mgomba yamenigusa. Sisi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, tunapigana kwayo, watu wa upande huu na wa upande ule, ili kinyongo cha mwaka kiishe. Na mgeni tunamtaka! Nyumba isiyopata mgeni siku ile huonekana haina bahati. Tunampa wali, tunampa mkeka. Lakini huyo mgeni akishika mgomba atampiga nani? Hana aliyegombana naye mtaani. Kula kwetu ni jambo moja, kuingia uwanjani ni jingine.

Mleta mada:
Ahsante sana, Makunduchi, umelisema nililoshindwa kulisema.

Mchangiaji wa pili:
Ngojeni. Yale maandamano si ugomvi wa mtaa. Wafuasi wanaotembea na mgombea, wakiwa wamevaa na kupakwa kienyeji, humwongezea pointi. Mama yule alinipaka kwa mapenzi, sina shaka, lakini pia alikuwa na binti wa ukoo wake wa kumsindikiza. Nilikuwa mtu mmoja zaidi kwenye mstari.

Mleta mada:
Hilo sikulipima, na linanibadilisha nusu. Nafuta neno langu la kukaa pembeni. Mama akikupaka, tembea. Lakini sasa naona tatizo kubwa kuliko kamera: ukoo wenye vyumba vya wageni utajaza mstari kuliko ukoo wa mvuvi, na taji litafuata vitanda. Kwa hiyo naleta hoja upya. Mgeni aandamane, apakwe, acheze mpaka usiku, ila asihesabiwe kwenye pointi. Mchangiaji wa kwanza, najua utasema hata hilo ni lao kuamua. Ni kweli. Ila wewe ungekuwa na binti anayegombea na huna chumba cha kukodisha, ungesemaje?